Barcelona hadi Roma kwa gari mkiwa na watoto: mwongozo kamili

Kwa barabara kuu, kutoka Barcelona hadi Roma ni takribani kilometa 1,360. Dereva mwenye haraka zake anazimaliza kwa siku mbili. Familia yenye mtoto anayetaka kujisaidia kila baada ya nusu saa inahitaji wiki mbili na ushee, na mpango ninaoueleza hapa ni wa usiku 17 katika nchi tatu, mkiwa na gari kwa sehemu tu ya safari.

Nasema sehemu tu kwa makusudi. Wengi hukodi gari uwanja wa ndege wa Barcelona siku waliyofika na kulirudisha Roma siku ya kuondoka. Hulipia gari lililolala kwenye maegesho ya chini ya ardhi huku wao wakipanda metro. Hulipia ada ya kuliacha nchi nyingine, ambayo mara nyingi huuma kuliko kodi yenyewe. Halafu miezi kadhaa baadaye wanaletewa faini kwa kuingia mitaa ya kale ya Firenze. Kusini mwa Ulaya gari ni la mashambani, milimani na ziwani. Mijini kuna treni, tramu na miguu.

Hesabu usiku kabla ya kuomba viza

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama anaishi Uingereza au Ghuba. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haihitaji. Viza moja inatosha Hispania, Ufaransa na Italia, lakini inaombwa kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, ni nchi mtakayoingilia kwanza. Ndiyo maana ratiba inatangulia fomu. Yangu ni hii: Barcelona 2, Ufaransa 7, Italia 8. Ombi linakwenda Italia ingawa ndege inatua Hispania. Mkiongeza usiku mmoja Ufaransa na kupunguza mmoja Italia, mambo yanageuka, kwa hiyo msichezee ratiba baada ya kujaza fomu.

Ada tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12. Chini ya hapo ni bure. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msisubiri huo mwisho, maana miadi ya Juni na Julai huisha mapema. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Hicho ni kikwazo kinachozisumbua familia nyingi kwetu, hasa baba akiwa kazini Muscat na mama yuko Mombasa, basi kishughulikieni mapema.

Jambo moja dogo lenye madhara makubwa: Andorra, nchi ndogo ya milimani kati ya Hispania na Ufaransa, haimo katika Schengen. Iko karibu na njia yetu na inavutia kwa bei zake, lakini mwenye viza ya kuingia mara moja akipanda huko ameshatoka, na hana ruhusa ya kurudi. Monako na Vatikani hazina tatizo hilo.

Tiketi ya ndege nunueni ya kuingilia Barcelona na kutokea Roma. Turkish, Qatar na Emirates zinahudumia miji yote miwili.

Msimu

Juni na Septemba. Bahari ina joto, bei hazijapaa, na barabara zinapitika. Likizo ya katikati ya mwaka ya shule za Tanzania inaangukia hapo vizuri. Wa Kenya wenye likizo ya Agosti wana kibarua: Ufaransa nzima inateremka kusini kwa wakati mmoja, na tarehe 15 Agosti Waitalia wana sikukuu ya Ferragosto, inayowapeleka wote ufukweni. Huduma ya serikali ya Ufaransa iitwayo Bison Futé huipa kila siku rangi ya msongamano: kijani, machungwa, nyekundu na nyeusi. Jumamosi nyeusi mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kaeni mlipo. Safirini Jumanne au Jumatano.

Joto la Julai na Agosti lisidharauliwe kwa kuwa tumetoka pwani. Nyuzi 38 bila upepo wa bahari, juu ya mawe ya mji wa kale, zinamchosha mtoto haraka. Saa nane hadi kumi na moja mchana iwe ya kulala, kuogelea au kukaa kivulini, kama wenyeji wanavyofanya.

Kodi gari mara mbili

Kutoka Barcelona pandeni treni ya kasi hadi Perpignan. Haifiki saa moja na nusu. Hapo kodini gari la Ufaransa, mliache Nice. Kutoka Nice pandeni treni hadi Ventimiglia, mbadilishe na kuendelea hadi Genova, kisha mkodi gari la Italia na kuliacha uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma. Kila gari linabaki ndani ya nchi yake, na ada ya kuliacha mji mwingine wa nchi ileile huwa ndogo. Pia mnakwepa barabara ya A10 ya pwani ya Liguria, yenye mahandaki na madaraja mfululizo na ukarabati usiokwisha. Treni inapita karibu na maji, na dereva naye anaona bahari.

Anayetaka gari moja mwanzo hadi mwisho si kosa, ila apate ruhusa ya maandishi ya kuvuka mipaka na aione ada ya kuliacha nchi nyingine kabla hajalipa.

Kabla ya kusaini:

- Kadi iwe ya mkopo na iwe na jina la dereva mkuu. Kampuni nyingi hukataa kadi ya benki ya kawaida kwa dhamana, na dhamana inaweza kuzuia mamia ya euro hadi mrudi.
- Leseni iambatane na leseni ya kimataifa ya udereva. Kenya hutolewa na AA Kenya. Zinazouzwa mtandaoni na watu wasiojulikana ni makaratasi tu.
- Gari la kawaida Ulaya ni la gia za mkono. Otomatiki ni ghali zaidi na huisha mapema, hivyo mwenye kuitaka aiweke miezi mitatu kabla.
- Msihesabu viti tu, hesabuni masanduku. Gari la viti saba likijaa watu, buti yake haibebi zaidi ya mabegi mawili ya mgongoni. Familia ya watano ichukue la saba na kulaza kiti kimoja.
- Bima iliyomo kwenye bei ina kiasi ambacho mtalipa wenyewe kikitokea kitu. Ukisafiri mara kwa mara, bima ya pembeni inayofidia kiasi hicho ni nafuu kuliko ile ya kaunta.
- Piga video gari lote, magurudumu na paa vikiwemo, kabla ya kuwasha injini.

Viti vya watoto ni sheria, na polisi wanasimamisha. Ufaransa inavitaka kwa watoto wa chini ya miaka 10. Italia kwa wote walio chini ya sentimeta 150. Kuvikodi kwa wiki mbili hugharimu kuliko kununua kipya, kwa hiyo njooni navyo au nunueni dukani Barcelona. Kiwe na lebo ya kiwango cha usalama, R129 au R44, kwa kuwa kiti kilichoidhinishwa Marekani pekee hakitambuliwi. Kumpakata mtoto, kama tulivyozoea kwenye teksi zetu, hapa hakuna.

Siku ya kwanza kwenye usukani

Madereva wa Kongo, Rwanda na Burundi waruke sehemu hii, maana upande wa kulia ndio wao. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tuna kazi. Barabara kuu si tatizo, kwa sababu magari ya mbele yanakuongoza. Hatari iko pale unapotoka sheli asubuhi na mapema, barabara tupu, mkono unakupeleka kushoto kwa mazoea. Aliyekaa kando ya dereva aseme "kulia" kila mnapokata kona, siku mbili za mwanzo, bila aibu. Kwa kawaida bibi akiwepo kiti cha mbele ni chake, lakini siku hizo mbili akae mtu anayejua kuendesha.

Kwenye kipilefti mnazunguka kinyume cha saa, na aliyekwisha ingia ndiye mwenye haki. Mnamsubiri anayetoka kushoto kwenu. Vipilefti viko kila mahali Ufaransa. Ukikosa njia, zunguka tena, hakuna anayekucheka. Katika vijiji na mitaa isiyo na alama yoyote, Ufaransa humpa haki anayetoka kulia, hata akitokea kichochoroni. Mkiona kibao cha almasi ya njano yenye ukingo mweupe, haki ni yenu. Kikiwa na mstari mweusi, imeisha.

Barabara kuu za kulipia mwendo ni kilometa 130 kwa saa Ufaransa na Italia, na mvua ikinyesha ni 110. Barabara za kawaida ni 80 Ufaransa (baadhi ya mikoa imerudisha 90) na 90 Italia. Mjini 50, na mitaa mingi 30. Njia ya kushoto ni ya kupita tu. Italia kuna mfumo uitwao Tutor unaopima wastani wa mwendo kati ya nukta mbili, kwa hiyo kukanyaga breki mbele ya kamera hakusaidii. Kifaa cha kunusa kamera ni marufuku Ufaransa, kiwe kimewashwa au kimezimwa.

Tozo na mafuta

Ufaransa na Italia mnachukua tiketi mnapoingia barabara ya kulipia na kulipa mnapotoka. Ufaransa, fuateni mshale wa kijani, unaopokea malipo yote. Njia yenye herufi *t* ya machungwa pekee ni ya wenye kifaa maalumu. Italia, njia ya njano iliyoandikwa Telepass nayo ni ya wenye kifaa, mkiikaribia mmekosea. Nendeni ya picha ya noti na sarafu, au ya buluu ya kadi. Kadi ikikataa, msirudi nyuma. Bonyezeni kitufe cha msaada, mtapewa karatasi ya kulipa baadaye, na mna siku 15.

Kwenye sheli, neno la kuchunga ni *gazole* (Ufaransa) na *gasolio* (Italia). Yote mawili ni dizeli. Petroli ni *sans plomb* na *benzina*. Alama za Ulaya ni rahisi kukumbuka kuliko maneno: petroli ina duara lenye E5 au E10, dizeli ina mraba wenye B7, na kifuniko cha tangi kina alama hiyohiyo. Bei ya barabara kuu ni ya kuumiza. Ufaransa jazeni kwenye sheli za supamaketi kama Carrefour, E.Leclerc au Intermarché. Italia chagueni pampu ya *self*. Ile ya *servito* mnalipia mtu awawekee.

Njia yenyewe

Sheria yangu kwa familia ni usukani usizidi saa tatu kwa siku, na siku moja tu tutaivunja.

*Barcelona, usiku 2.* Bila gari. Ni siku za kuondoa uchovu wa ndege. Tiketi za Sagrada Família zinunuliwe mtandaoni wiki kadhaa kabla. Nunueni pia laini ya simu hapa: tangu 2017 laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika nyingine bila nyongeza, kwa hiyo itawafikisha hadi Roma.

*Carcassonne, usiku 1.* Kutoka Perpignan ni kilometa 115 hivi. Mji wa kale umezungukwa na kuta mbili na minara 52, na kuingia ndani ya kuta ni bure. Ngome inalipiwa, ila walio chini ya miaka 18 wakiwa na familia hawalipi. Ulikarabatiwa karne ya 19 na msanifu majengo Viollet-le-Duc, na wapo wanaolalamika kwamba aliongeza mbwembwe zake. Watoto hawalalamiki. Ingieni baada ya saa kumi na moja jioni, mabasi ya watalii yakishaondoka.

*Kati ya Nîmes na Arles, usiku 3.* Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na kama mna siku ya ziada iachieni hapa. Pangisheni nyumba kijijini au nyumba ndogo ya kambi, ile wanayoiita *mobil-home*. Msilisikie neno kambi mkafikiria hema na mbu tu. Kambi za Ufaransa zina mabwawa, michezo ya watoto na jiko lenu wenyewe, kwa bei ya chini kuliko hoteli.

Siku moja iwe ya Pont du Gard, daraja la Warumi la karne ya kwanza lililopitisha maji kuelekea Nîmes kutoka chemchemi za Uzès, kwa mfereji wa takribani kilometa 50. Lina ghorofa tatu za matao na kimo cha karibu meta 49. Chini yake mto Gardon unaogeleka. Bebeni viatu vya majini, maana chini ni mawe, na chakula chenu. Nendeni saa tatu asubuhi na mkae hadi mchana.

Siku ya pili ni Camargue, delta ya mto Rhône. Bustani ya ndege ya Pont de Gau iko kilometa chache kabla ya mji wa Saintes-Maries-de-la-Mer. Heroe wamejaa humo, karibu kuliko mtakavyowaona Nakuru au Natron, kwa sababu njia za miguu zinapita kando ya madimbwi yao. Mtoto aliyechoshwa na magofu anafufuka hapo. Mbu wapo wengi na wakali, ila hawana malaria. Dawa ya kujipaka inatosha.

Siku ya kufika msiwe na haraka. Uwanja wa Warumi wa Nîmes au wa Arles utawatosha kwa saa mbili za jioni.

*Moustiers-Sainte-Marie, usiku 1.* Bonde la Verdon na ziwa la Sainte-Croix. Ziwa lilitokana na bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1970, na maji yake yana rangi ambayo mkirusha picha nyumbani mtaambiwa mmeitia rangi. Injini za mafuta haziruhusiwi ziwani. Mnakodi boti ya kukanyaga au ya umeme kwenye daraja la Galetas na kuingia mdomo wa bonde, kuta za mawe zikipanda pande zote. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo maegesho yanajaa. Barabara ni kona tupu: anayetapika akae mbele kama umri unaruhusu, asinywe maziwa asubuhi, na tangawizi iwe karibu.

Kiangazi, mamlaka hufunga njia za misituni kwa hatari ya moto, wakati mwingine kwa tangazo la siku moja tu. Sigara na jiko la mkaa msivifikirie kabisa.

*Nice, usiku 2.* Rudisheni gari uwanja wa ndege na mpande tramu kwenda mjini. Ufuko ni wa kokoto, viatu vya Gardon vinarudi kazini. Monako ni safari fupi ya treni. Jumba la makumbusho ya bahari, lililofunguliwa 1910, linafaa watoto kuliko kasino na magari ya kifahari.

*Genova, usiku 1, kisha Levanto, usiku 1.* Genova ina akwariamu iliyobuniwa na Renzo Piano na kufunguliwa 1992, bandarini. Kesho yake asubuhi chukueni gari na mwende Levanto, kilometa 85 hivi. Liacheni gari karibu na stesheni na mpande treni kuingia Cinque Terre, vijiji vitano vilivyoning'inia juu ya bahari. Kuingia huko na gari ni kujitafutia adhabu. Monterosso ndiyo yenye mchanga, kwa hiyo wenye watoto wadogo waishie hapo na Vernazza.

*Lucca, usiku 3.* Watu watawaambia mlale Firenze. Kwa familia, Lucca ni bora. Kuta zake zina mzunguko wa kilometa nne zikiwa na njia pana juu yake, miti na maduka ya kukodisha baiskeli, hata zile zenye kigari cha mtoto. Firenze ni saa moja na nusu hivi kwa treni, Pisa haifiki nusu saa. Kumbukeni kwamba mnara wa Pisa hauruhusu mtoto wa chini ya miaka 8 kupanda. Mwambieni kabla hamjafika. Majumba ya makumbusho na ya kale ya serikali Italia, Uffizi ya Firenze na Kolosai ya Roma yakiwemo, hayawatozi walio chini ya miaka 18, ila mahali pengi nao wawekewe nafasi.

*Bolsena, usiku 1.* Hii ndiyo siku ndefu. Ondokeni asubuhi, mle chakula cha mchana Siena. Maegesho ya Santa Caterina yana ngazi za umeme zinazowapandisha hadi katikati ya mji. Kisha teremkeni kwa barabara ya Cassia, inayopita vilima vya Val d'Orcia, msikimbilie barabara kuu. Jioni mnaogelea katika ziwa lililojaza shimo la volkano.

*Roma, usiku 2.* Kutoka Bolsena hadi Fiumicino ni takribani saa mbili. Rudisheni gari na mpande treni ya Leonardo Express, inayofika Termini, stesheni kuu ya Roma, kwa dakika 32. Gari halihitaji kuiona Roma.

Mitaa iliyofungwa ya Italia

Karibu kila mji wa kale wa Italia una ZTL, eneo ambalo gari lisilo na kibali haliruhusiwi. Kibao ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, mara nyingi na taa ya maandishi: *varco attivo* maana yake limefungwa, *varco non attivo* pita. Wengi hulisoma kinyume, wakidhani *attivo* ni njia iko wazi. Hakuna askari wala kizuizi, kamera inapiga namba na basi. Kila kupita ni faini yake, na mkizunguka kutafuta hoteli mnaweza kupigwa mara tatu kwa dakika kumi. Ramani ya simu haiwaonyi kila mara. Kama malazi yako ndani ya ZTL, mwandikieni mwenyeji namba ya gari siku ileile mnayofika, naye aisajili.

Mistari ya maegesho Italia: nyeupe ni bure, buluu ni ya kulipia, njano ni ya wenye kibali.

Chakula, swala na mavazi

Saa za kula ndizo zinazoziumbua familia zetu. Ufaransa jiko la mgahawa linafungwa saa nane mchana, na mkifika saa nane na robo mtapewa pole. Barcelona chakula cha usiku huanza saa tatu. Fumbo hili linatatuliwa na supamaketi: mikate, jibini, nyanya, matunda, na kula kwenye vituo vya kupumzikia barabarani, vyenye meza, vivuli na vyoo. Maji ya bomba yananyweka nchi zote tatu. Mgahawani Ufaransa ombeni *carafe d'eau*, ni haki yenu bila malipo.

Kwa Waislamu, nyama ya halali si shida Barcelona mtaa wa El Raval, wala Perpignan, Nîmes na Nice. Vijijini Toscana ni adimu, tegemeeni samaki, mayai na pasta. Nguruwe hujificha: *lardons* kwenye saladi za Ufaransa, *guanciale* kwenye pasta za carbonara na amatriciana, *strutto* (mafuta yake) kwenye baadhi ya mikate ya Italia. Roma ina msikiti mkubwa uliofunguliwa 1995. Ijumaa ikiwakuta huko, nendeni.

Ufaransa sheria inakataza kufunika uso hadharani. Hijabu ya kawaida haina neno. Kuhusu burkini, mwaka 2016 Baraza la Taifa, mahakama ya juu ya kiutawala, lilisimamisha marufuku ya ufukweni iliyowekwa na mji wa Villeneuve-Loubet, karibu na Nice. Mabwawa ni habari nyingine: mengi huyakataza, na wanaume nao hukatazwa kaptura pana. Ulizeni kambi kabla ya kulipia.

Wezi na dharura

Gari lenye mizigo inayoonekana ni karamu kwa wezi, hasa maegesho ya ufukweni na vituo vya barabara kuu. Mkiambiwa na mpita njia kwamba gurudumu lina pancha, asishuke kila mtu: dereva aangalie, milango ifungwe, mkoba ubaki ndani na mwenyewe. Pasi na pesa zikae mwilini.

Namba ya dharura ni 112 nchi zote. Gari likiharibika barabara kuu, vaeni vizibao vya kung'aa kabla ya kushuka, ruka ukingo wa chuma na watoto, na piga simu kutoka nguzo ya SOS. Barabara za kulipia Ufaransa gari huvutwa na kampuni iliyoidhinishwa tu, si fundi mliyempata wenyewe. Wakaazi wa Umoja wa Ulaya wasisahau kadi yao ya bima ya afya ya Ulaya.

Mkisharudi nyumbani

Piga tena video gari kabla ya kukabidhi ufunguo, na kama ofisi imefungwa, piga picha ya sanduku mlimotumbukiza ufunguo na saa. Tunzeni mkataba na risiti za tozo kwa mwaka na zaidi. Polisi wa Italia wana siku 360 za kumfikishia faini anayeishi nje ya nchi, na kampuni ya gari hukata kwanza ada yake ya kutoa jina lenu; hiyo si faini, faini inakuja kivyake. Barua ikifika na kosa ni lenu kweli, lipeni ndani ya siku tano tangu kuipokea: makosa mengi ya barabarani hupunguzwa asilimia 30.